Mbao za Kale, Sarufi ya Jana

Mwaka 1919, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto nchini Urusi, kanali mmoja wa Jeshi Jeupe, lile lililopigana na Wabolsheviki, aliingia katika jumba la kabaila lililokuwa limeporwa. Jina lake Fyodor Izenbek. Katika chumba cha maktaba, kati ya vitabu vilivyochanwa na kukanyagwa, aliona vibao vya mbao vilivyoliwa na wadudu, vimetobolewa matundu ya kupitishia kamba na kuchanjwa herufi asizozijua. Akamwamuru askari wake avitie guniani. Jeshi lake likashindwa, kanali akakimbilia uhamishoni, na gunia likafika naye Brussels. Humo, tunaambiwa, mlikuwamo maandishi ya makuhani wa Waslavi kutoka zama za kabla ya Ukristo.

Nasema tunaambiwa kwa sababu msimulizi ni mmoja tu. Yuri Mirolyubov, mhandisi na mwandishi aliyekuwa naye mkimbizi mjini Brussels, alidai kwamba kwa miaka kumi na mitano hivi alikuwa akienda kwa Izenbek kunakili vibao hivyo, herufi kwa herufi. Izenbek alifariki Agosti 1941, mji ukiwa mikononi mwa Wajerumani, na mbao zikatoweka. Hakuna mtaalamu hata mmoja aliyewahi kuzishika. Habari zilichapishwa kwanza mwaka 1953 katika jarida la wahamiaji wa Kirusi la San Francisco, Zhar-Ptitsa, na maandishi yenyewe yakafuata kwa vipande kati ya 1957 na 1959. Jina linalojulikana leo, Kitabu cha Veles, lilitolewa na mhamiaji mwingine, Sergei Paramonov, aliyeandika kwa jina la Lesnoy. Kazi yake ya mshahara, huko Australia, ilikuwa utafiti wa nzi.

Simtaji nzi kwa kejeli. Paramonov alikuwa bingwa wa wadudu wenye mabawa mawili, na bingwa wa kweli. Lakini nzi hana hali za nomino.

Kitabu chenyewe kinadai makubwa. Kinasimulia safari za mababu wa Waslavi tangu karne nyingi kabla ya Kristo, kutoka nchi ya mito saba, wakiongozwa na baba yao Ori, hadi karne ya 9 na kuja kwa mtawala Rurik. Kuna mzee aitwaye Bogumir mwenye mabinti watatu, Dreva, Skreva na Poleva, na wana wawili, Seva na Rus. Kutoka kwao, ati, yalizaliwa makabila ya Wadrevlyane, Wakrivichi, Wapolyane, Waseveryane na Warusi. Hadithi za mababu waliozaa makabila ziko kila mahali duniani, na hilo peke yake si kosa. Ila mtu aliyemtoa Skreva katika Wakrivichi hakujua jina hilo lina mzizi gani. Alisikia sauti zinazofanana, akaridhika.

Mwaka 1960 Paramonov alifanya jambo ambalo waghushi wengi hulikwepa: alipeleka picha ya kibao kimoja kwa wataalamu wa Moscow. Ikamwangukia Lidia Zhukovskaya, mwanamke aliyetumia maisha yake kusoma miswada ya kale. Jibu lake lilichapishwa mwaka huohuo katika jarida la isimu Voprosy yazykoznaniya. Picha hiyo, alionyesha, haikupigwa kwenye ubao. Ilipigwa kwenye mchoro uliochorwa karatasini. Herufi zake zilining'inia chini ya mstari kama nguo kwenye kamba, mtindo wa mwandiko wa Kidevanagari wa India, ilhali maumbo ya herufi zenyewe ni ya alfabeti ya Kikirili. Na lugha yake haikuwahi kusemwa na mtu yeyote, popote, karne yoyote.

Hoja hii ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndiyo watetezi wa kitabu huipita haraka kama mtu apitaye mlangoni kwa mdai wake. Wacha nikae nayo.

Lugha za Waslavi huonyesha kazi ya nomino kwa miishio, kama sisi tunavyoonyesha jamaa za nomino kwa ngeli. Mswahili asiyejua kusoma wala kuandika hatasema "mtoto kimelala" au "kiti ameanguka watu". Mgeni anayejifunza atakosea, lakini hata makosa yake yana utaratibu: atasukuma kila kitu kwenye ngeli moja aliyoizoea, na baada ya sentensi tano utajua anatoka wapi. Lahaja nazo zina sheria. Mtu wa Lamu akisema "ndia" mahali pa "njia", atasema pia "nti" mahali pa "nchi", na sababu yake inaeleweka. Sasa fikiria umeletewa utenzi unaodaiwa kuwa wa kale sana, ambamo ngeli zinabadilika ovyo ndani ya ubeti mmoja, neno moja la Kiamu, linalofuata la Kingazija, la tatu la Kingwana cha Kongo, bila sababu ya mizani wala vina. Hutahitaji kupima umri wa karatasi.

Hivyo ndivyo Kitabu cha Veles kilivyo. Kinachanganya maumbo yanayofanana na ya Kipolandi, Kicheki, Kiserbia na Kiukraina, na miishio ya maneno imetawanywa kama mbegu kwenye upepo. Katika karne ya 9 Waslavi wote walikuwa na irabu mbili fupi sana ambazo zilikuja kufifia na kupotea kati ya karne ya 10 na 13. Mwandishi wa enzi hiyo angeziandika mahali pake bila kufikiri, kwa sababu alizitamka. Mwandishi wa mbao anaziacha, anaziweka pasipo pake, kisha anaziacha tena. Oleg Tvorogov, aliyechapisha maandishi yote pamoja na uchambuzi mwaka 1990, na baadaye Andrei Zaliznyak, mwanaisimu aliyekijua Kirusi cha kale kuliko mtu yeyote wa zama zake, walifika palepale alipofika Zhukovskaya. Zaliznyak alieleza kwamba hili si suala la makosa ya mwandishi asiyejua kuandika vizuri. Makosa huhitaji kanuni inayokosewa, na hapa kanuni haipo.

Msomaji makini ataniuliza: kama mbao zingekuwapo, si tungezipima tukamaliza ubishi? Je, hatuzihukumu kwa sababu tu zimepotea? Swali ni zuri, na jibu lake limo katika historia ya andiko jingine.

Shairi la kale la Warusi kuhusu vita vya Mwana mfalme Igor vya mwaka 1185 lilichapishwa mwaka 1800 kutokana na mswada mmoja tu, mali ya Count Musin-Pushkin. Mwaka 1812 Moscow iliteketea, na mswada ukateketea pamoja nayo. Hali yake, basi, ni ileile ya mbao za Izenbek: nakala tunayo, asili hatuna. Wasomi wakubwa, Mfaransa André Mazon na Mrusi Alexander Zimin wakiwamo, walishuku kwamba shairi lilitungwa katika karne ya 18. Mwaka 2004 Zaliznyak alitoa kitabu kilichochunguza, pamoja na mengine, vineno vidogo visivyosimama peke yavyo, kama "sya" inayomrudishia mtenda tendo lake, kidogo kama "ji-" yetu katika "kujiona". Katika Kirusi cha leo "sya" imegandamana na kitenzi. Katika lugha ya kale ilihamahama ndani ya sentensi kwa kanuni ngumu, ambayo wanaisimu walianza kuielewa mwishoni mwa karne ya 19 na kuikamilisha katika karne ya 20. Shairi la Igor linaitii kanuni hiyo. Ili kulighushi mwaka 1790, ingebidi mghushi awe ameivumbua isimu nzima ya miaka mia mbili iliyofuata, kisha akae kimya na siri yake mpaka kaburini.

Kwa hiyo mtu yuleyule, kwa vipimo vilevile, alilithibitisha andiko moja lililopotea na kulikataa jingine. Wanaosema wasomi wa Kirusi walikuwa na chuki na historia yao hawana la kusema hapa.

Vipimo hivyo vilitoka wapi? Sehemu kubwa vilitoka matopeni. Tarehe 26 Julai 1951, katika uchimbaji ulioongozwa na Artemi Artsikhovsky mjini Novgorod, ilipatikana barua ya kwanza iliyochanjwa kwenye gome la mti uitwao berioza. Udongo wa Novgorod una unyevu mwingi na hewa kidogo, hivyo magome hayaozi. Hadi sasa zimefukuliwa barua zaidi ya 1,100 za aina hiyo: madeni, samaki, ugomvi wa kifamilia, posa, na michoro ya mtoto wa karne ya 13 aitwaye Onfim, aliyechoka na mazoezi ya herufi akajichora yuko juu ya farasi.

Barua namba 247, ya karne ya 11, ina kisa ninachokipenda. Ina neno "kele", na wahariri wa kwanza walidhani linahusu chumba cha mtawa, wakaelewa kuwa barua inasimulia wizi wa kuvunja mlango. Zaliznyak akaona kwamba ni neno la kawaida la Kislavi lenye maana ya "zima", ambalo mahali pengine kote huanza na "ts". Watu wa Novgorod hawakuwahi kuigeuza "k" yao. Barua inasema kinyume cha ilivyodhaniwa: kufuli ni zima na milango ni mizima, tuhuma ya wizi haina msingi. Hakuna aliyeitarajia lahaja kama hiyo. Vitabu vya isimu vilibidi viandikwe upya kwa ajili ya mtu aliyekuwa akilalamikia kesi.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya andiko la kweli na la kughushi. Andiko la kale la kweli hutuletea jambo ambalo hatukuwa tukilitafuta, mara nyingi dogo na la kuudhi. Mbao za Izenbek hazikutuletea neno hata moja ambalo mhamiaji aliyesoma vitabu viwili vitatu vya hadithi za kale asingeweza kulibuni. Mirolyubov mwenyewe, katika maandiko yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 juu ya dini ya Waslavi wa kale, alisikitika kwamba vyanzo vya kwanza havipo. Mtu aliyekaa miaka kumi na mitano akinakili chanzo cha kwanza!

Sikitiko lake, hata hivyo, lilikuwa la haki, na bila kulielewa hatutaelewa kwa nini uongo huu una waumini. Waslavi hawakuacha kitabu cha dini yao. Tunachojua kimeandikwa na walioishinda. Masimulizi ya watawa wa Kiev yanatuambia kwamba mwaka 980 Mfalme Vladimir alisimamisha sanamu kilimani, Perun akiwa na kichwa cha fedha na masharubu ya dhahabu, pamoja na Khors, Dazhbog, Stribog, Simargl na Mokosh. Miaka minane baadaye mfalme huyohuyo alibatizwa, na Perun akaburutwa mpaka mtoni. Mwanahistoria Mdenmarki Saxo anaeleza hekalu la Svantovit mwenye vichwa vinne huko Arkona kwa sababu mfalme wake, Valdemar, alilibomoa mwaka 1168. Majina, sanamu, viapo vichache ndani ya mikataba na Wagiriki. Sala hakuna hata moja. Anayetaka leo kuabudu kama mababu zake hana cha kusoma isipokuwa ripoti za waliowachomea mababu hao mahekalu. Njaa hiyo ni ya kweli, na simdharau mwenye kuwa nayo.

Ni njaa ya zamani pia. Katika karne ya 18, huko Mecklenburg, ndugu wa ukoo wa Sponholz walitokeza vijisanamu vya shaba vilivyoandikwa majina ya miungu ya Kislavi kwa herufi za Kijerumani za kale, na mwaka 1771 kikachapishwa kitabu cha fahari kuvieleza. Alexander Sulakadzev wa Petersburg aliwatengenezea wakusanyaji vitu vya kale wimbo wa mshairi Boyan. Prague ndiyo iliyolipa gharama kubwa zaidi: mwaka 1817 Václav Hanka "aligundua" kanisani mswada wa mashairi ya Kicheki, mwaka uliofuata ukatokea wa pili, na kwa miaka sabini taifa zima lilijivunia. Jan Gebauer na mwenzake Tomáš Masaryk walipothibitisha mwaka 1886 kuwa ni ughushi, waliitwa wasaliti. Baadaye Masaryk alikuwa rais wa kwanza wa Chekoslovakia. Waslavi hawakuwa peke yao katika hili. Waskoti walikuwa na Ossian wao, mashairi ya kale ya kughushi.

Njia ya mwongo ni fupi, wasema wahenga, lakini ya mbao hizi imeendelea kuwa ndefu. Mwaka 1976 gazeti la Kisovieti Nedelya lilichapisha makala ya kuzisifu, na dola iliyokuwa ikikagua kila mstari ikaupitisha uongo huu kwa mamilioni ya wasomaji. Baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika zilitoka tafsiri kwa Kirusi na Kiukraina, na nchini Ukraine kitabu kiliwahi kuingizwa katika mitaala ya fasihi ya shule. Alexander Asov, mfasiri wake mashuhuri nchini Urusi, aliyapanga upya maandishi na kuyarekebisha jinsi alivyoona inafaa. Ughushi ukaghushiwa.

Kisha kuna Omsk. Huko Siberia, Alexander Khinevich alianzisha mwaka 1992 kanisa la Wayngling, na mwishoni mwa muongo huo akaanza kuchapa vitabu alivyoviita Veda za Waslavi na Waarya, vilivyotolewa, asema, katika mabamba ya dhahabu yenye umri wa makumi ya maelfu ya miaka. Ndani yake watu weupe wanatoka katika nyota mbalimbali, na mji wa Asgard unasimama palepale ulipo Omsk. Asgard ni jina tunalolijua kutokana na maandishi ya Kiaisilandi ya karne ya 13. Omsk ulianza kama ngome mwaka 1716. Neno "rasa", yaani mbari, linaelezwa kuwa ni kifupisho cha herufi za mwanzo za maneno manne ya Kirusi. Uundaji wa vifupisho vya namna hiyo ulishamiri katika ofisi za Wasovieti, na kila aliyezaliwa zama zile anaujua vizuri.

Lakini kiungo kinachonifurahisha zaidi ni kalenda yao. Hadi Peter Mkuu alipobadilisha hesabu mwaka 1700, Urusi ilihesabu miaka kama Wagiriki wa Byzantium, tangu kuumbwa kwa ulimwengu, mwaka 5508 kabla ya Kristo. Khinevich anaichukua tarehe hiyohiyo na kusema haikuwa ya kuumbwa kwa ulimwengu bali ya kufanywa kwa amani, baada ya Waslavi kuishinda China. Mchezo wenyewe umo katika neno "mir", ambalo kwa Kirusi cha leo ni ulimwengu na pia ni amani. Mchezo hauchezeki kwa Kigiriki, lugha iliyoileta hesabu hiyo, kwa maana huko "kosmos" si amani. Wala haukuchezeka kwa urahisi katika maandishi ya Kirusi yenyewe: kabla ya marekebisho ya tahajia ya mwaka 1918 maneno hayo mawili yaliandikwa kwa herufi tofauti. Hekima ya makumi ya maelfu ya miaka imesimama juu ya tahajia ya Wabolsheviki.

Kicheko kinaishia hapo, kwa sababu Waarya hawa hawaji peke yao. Huja na maadui, na adui hupewa rangi, pua na dini. Mwaka 2004 mahakama ilivunja jumuiya ya Khinevich, mwaka 2009 yeye mwenyewe akapewa kifungo cha nje kwa kuchochea chuki, na mwaka 2015 mahakama ya Omsk ikavitia vitabu vyake katika orodha ya maandishi ya itikadi kali. Chuki hiyo ilistahili kukomeshwa. Lakini hakimu hawezi kupima irabu, na muumini aliyenyang'anywa kitabu huona amepewa ushahidi kwamba ni cha kweli.

Jibu lenye nguvu zaidi lilitoka ndani ya wapagani wenyewe. Tarehe 25 Desemba 2009 jumuiya mbili kubwa za imani ya asili nchini Urusi zilitoa tamko la pamoja dhidi ya upotoshaji wa lugha na historia ya Waslavi, zikiwataja kwa majina waandishi Khinevich, Trekhlebov, Levashov na Chudinov. Ilihitaji ujasiri, kwani vitabu vya watu hao ndivyo vilivyowaleta vijana wengi mlangoni.

Lakini hata baadhi ya wanaoukubali ughushi wa mbao wamebaki na mali yake. Sikiliza mafundisho katika jumuiya nyingi za Rodnoveri, kama imani hiyo ya asili inavyoitwa, na utakuta utatu: Yavi, ulimwengu unaoonekana, Navi, wa wafu, na Pravi, wa sheria na miungu. "Navi" ni neno la kale kweli, lenye maana ya mfu. Utatu wenyewe, na Pravi kama ulimwengu, chanzo chake ni Mirolyubov na mbao zake. Juu yake umejengwa usemi unaopendwa mno, kwamba neno la Kirusi kwa Ukristo wa Kiorthodoksi, "pravoslavie", kumbe ni la kipagani, "kuisifu Pravi". Ukweli ni wa kawaida kuliko hivyo. Watafsiri wa Kislavi walilichukua neno la Kigiriki "orthodoxia" wakaligeuza kipande kwa kipande: "orthos", iliyonyooka, ikawa "pravo", "doxa", yenye maana ya rai na pia ya utukufu, ikawa "slava".

Mtu ana haki ya kuamini katika Pravi. Dini zote zilianza siku fulani, na iliyoanza Brussels karne iliyopita haina dhambi kwa hilo. Dhambi ni kumwambia kijana kwamba maneno ya mhandisi aliye uhamishoni ni sauti ya babu yake, kisha kumfundisha kumchukia kila anayemwonyesha tofauti.

Anayetaka kukutana na mungu wa Kislavi ana kwa ana aende Kraków, katika jumba la makumbusho ya akiolojia. Humo lipo jiwe la zaidi ya mita mbili na nusu lililoopolewa mwaka 1848 kutoka Mto Zbruch, lenye nyuso nne chini ya kofia moja na bila herufi hata moja. Mwaka 2011 wanaakiolojia wawili wa Ukraine, Komar na Khamayko, walitoa hoja kwamba nalo ni kazi ya karne ya 19. Wenzao wengi wamewapinga, na mjadala bado unaendelea.